Karatasi Iliyonuka Sambusa

Nilisoma sekondari kwenye shule ya kata iliyo kando ya barabara kuu, si mbali na Ikwiriri. Jina lake silitaji. Waliosoma pale wataijua, na wasiosoma hawajapungukiwa kitu. Madarasa yalikuwa ya matofali ya saruji yasiyopigwa lipu, na kwenye ukuta wa ofisi kulikuwa na maandishi makubwa ya buluu yanayosema elimu ni ufunguo. Mchwa walikuwa wameshakula fremu ya dirisha lililo chini ya maandishi hayo. Kwa somo la hisabati tulikuwa shule ya sifuri. Tulilijua hilo kabla hatujaingia kidato cha kwanza, kama mtu anavyojua kwamba mto una mamba.

Kwetu ni Ngorongo, bondeni, lakini shuleni nilikuwa nakaa kwa mama mdogo. Likizo narudi nyumbani, napanda dunguni kuwinga ndege wasile mpunga. Baba yangu hakusoma zaidi ya darasa la nne, na alikuwa akisema hisabati ni kitu cha Wahindi na wahandisi. Hakusema kwa ubaya.

Kidato cha pili tuliletewa mwalimu wa kujitolea. Alikuwa kijana mwembamba mwenye mashati mawili, moja la kijani na moja lililowahi kuwa jeupe. Huyu ndiye aliyeniharibia maisha, kwa maana nzuri. Jumamosi moja alituchukua wanafunzi saba mpaka ukingoni mwa mto, tukiwa na kijiti, kamba na karatasi moja iliyochanwa kwenye daftari.

Akauliza, "Mto huu una upana gani?"

Mmoja akajibu, "Mpaka uuvuke, mwalimu."

"Avuke nani, na mamba hao?"

Akakata karatasi ikawa mraba kamili, kisha akaikunja kona kwa kona. Akatuonyesha mti mmoja uliokuwa ng'ambo, mkabala na tuliposimama. Akachomeka kijiti pale, akatuambia tutembee kufuata ukingo, tukihesabu hatua, na kila baada ya muda tusimame tutazame ule mti kwa kufuata mkunjo wa karatasi. Tulipofika mahali ambapo upande mmoja wa karatasi unaelekea kwenye kijiti na mkunjo unaelekea kwenye mti, akatusimamisha.

"Hatua mlizotembea ndizo upana wa mto," akasema. "Na hakuna aliyelowa."

Sikuamini. Nilirudi nikatembea tena peke yangu, nikahesabu tena. Kisha akachora pembetatu kwenye tope na kutueleza kwa nini lazima iwe hivyo. Siku ile nilipata kitu ambacho sikuwa nimekipata kwenye somo lolote, wala chuoni kwa maalimu wa Kurani: uhakika ambao hauombi ruhusa ya mtu mzima yeyote. Kuanzia hapo nilikuwa napanda dunguni na daftari. Ndege walikula mpunga, baba akagomba.

Katikati ya kidato cha tatu yule kijana akapata ajira mkoa mwingine, akaondoka na mashati yake mawili. Hisabati akaichukua mwalimu wa taaluma.

Mwalimu wa taaluma alikuwa mtu mnene, mwenye sauti nzuri ya kuhutubia. Wazazi walimpenda. Alikuja darasani na kitabu cha mifano iliyokwisha kufanywa, akakinakili ubaoni mstari kwa mstari, akiwa ametupa mgongo. Akikosea namba, alilamba kidole gumba akafutia, kisha akaandika juu ya ule unyevu, na chaki ikagoma kushika. Mimi nilikaa mbele. Nilikuwa natazama alama ya mate ikikauka ubaoni.

Siku moja nikanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa nini hapo alama imegeuka kuwa hasi?"

Hakugeuka. "Hisabati haina kwa nini. Andika."

Darasa likacheka. Shoga yangu, niliyekuwa nikikaa naye dawati moja, akanifinya paja nikae kimya. Yeye alikuwa bingwa wa Kiswahili na historia, na ndoto yake ilikuwa uuguzi. Hisabati ilimtoa jasho. Kila jioni nilikuwa namfundisha uani kwa mama mdogo, kwa mkaa juu ya sakafu. Alianza kuelewa polepole, na alipoelewa jambo alikuwa anapiga vigelegele peke yake mpaka majirani wanauliza kuna harusi gani.

Wiki moja kabla ya mtihani wa taifa, mwalimu wa taaluma akatukusanya kidato cha nne wote. Akafunga mlango.

"Mwaka huu shule hii haipati sifuri," akasema. "Siku ya hisabati msichemshe vichwa. Mkiona sambusa zimeingia, tulieni. Majibu yako kwenye karatasi ya kufungia. Mkimaliza, pitisheni nyuma. Atakayefungua mdomo, namjua kwao."

Wenzangu wakapiga makofi. Ndiyo, walipiga makofi, na wengine waliita "Mwalimu! Mwalimu!" kama mpirani. Nilimtazama shoga yangu. Alikuwa anatabasamu huku machozi yanamlengalenga, kama mtu aliyeambiwa ugonjwa wake umepona.

Tulipotoka nikamwambia, "Lakini wewe unaweza bila hayo. Umeshajua."

"Naweza ya uani kwenu," akasema. "Ya pale ndani siwezi. Niache, shoga. Acha mimi nipite."

Siku ya mtihani wa hisabati msimamizi alikuwa mgeni, mwanamume aliyevaa suti ya kaki. Baada ya muda kidogo mama mpishi wa walimu akaingia na sinia: chai, na sambusa zilizofungwa kwenye karatasi. Msimamizi akazichukua, akatoka nazo barazani, akaiacha karatasi juu ya dawati la kwanza kana kwamba ameisahau. Tulimsikia akitafuna nje, na alipochungulia kutukumbusha muda, mdomo wake ulikuwa unang'aa mafuta. Alishika bahasha ya serikali kwa vidole vile vile.

Karatasi ikaanza safari. Ilikuwa imelowa mafuta mpaka maandishi ya upande mmoja yalionekana upande wa pili. Ilinuka kitunguu na nyama. Kila aliyeishika aliacha alama za vidole kwenye karatasi yake ya kujibia, na nilisikia kalamu zao zikikwaruza kwa pamoja, haraka haraka, kama panya kwenye gunia. Kichefuchefu kikanipanda mpaka kooni. Mpaka leo siwezi kula sambusa, na watu hudhani nafuata masharti ya daktari.

Ilipofika kwangu, nilikuwa nimeshamaliza zaidi ya nusu. Nilikuwa nimeapa sitaitazama. Nikaitazama.

Majibu yalikuwa na makosa. Si yote, lakini mengi. Kulikuwa na swali la mtu aliye juu ya mnara wa mita sitini, anayetazama mashua kwa pembe ya kushuka ya digrii thelathini, unatafuta mashua iko mbali kiasi gani. Pembe hiyo hupimwa kuanzia mstari wa kulala, si kuanzia ukuta wa mnara. Mimi nilikuwa nimepata mita mia na tatu na kitu. Karatasi ilisema thelathini na nne na kitu. Aliyeifanya alikuwa ameichora pembe kuanzia ukuta. Mwandiko niliujua: ulikuwa ule ule wa ubaoni.

Hapa ndipo ninapojichukia. Nilijua, sikudhani. Nilikuwa nimejifunza jambo lile kwa miguu yangu mwenyewe, kando ya mto. Lakini nilitazama wote ambao karatasi ilishawapitia wameinama, wanaandika thelathini na nne, nikaingiwa na hofu: itakuwaje kama mimi peke yangu ndiye mjinga? Nikapiga mstari juu ya jibu langu. Nikaandika thelathini na nne.

Moja tu. Yaliyobaki sikuyagusa. Lakini hilo moja nililikata kwa mkono wangu, na hakuna aliyenishikia fimbo.

Shoga yangu alikuwa safu ya pili, upande wa kushoto. Karatasi ilipomfikia alinigeukia, akainua nyusi. Alikuwa ananiuliza: ni sahihi? Tulikuwa tumeulizana hivyo mara mia uani kwetu. Ningetikisa kichwa tu angenielewa. Nikageuza macho nikatazama dirishani. Sikutaka kuhusika, ndivyo nilivyojiambia. Yeye akainama akaandika.

Matokeo yalipotoka, kundi kubwa la wenzangu, shoga yangu akiwemo, walikuta yao ya masomo yote yamefutwa. Makosa yao yalifanana mno, neno kwa neno, namba kwa namba, na wasahihishaji si vipofu. Ya kwangu yalikuwepo. Nilifaulu hisabati vizuri, alama ambayo shule yetu haikuwahi kuiona. Mama mdogo alichinja kuku. Siku ya pili yake aliporudi kutoka dukani uso wake ulikuwa umebadilika.

"Wanasema wewe ndiye uliyekwenda kusema," akaniambia.

"Kwa nani? Mimi namjua nani?"

"Mimi najua hukusema. Lakini wao wanauliza, kwa nini yake yamebaki?"

Hakukuwa na jibu ambalo wangelitaka. Kueleza kwamba nilifanya mwenyewe kulikuwa ni kujisifu. Nikipita bombani ndoo zilinyamaza. Mtu mmoja alitupa maganda ya mihogo mlangoni kwetu, na mama mdogo aliyafagia.

Shoga yangu alikuja mwenyewe. Hakuketi. Alisimama pale pale uani, juu ya sakafu ambayo bado ilikuwa na kivuli cha mkaa wetu.

"Mimi najua hukusema," akaanza. "Nimewaambia hivyo. Ila nina moja nakuuliza. Uliona kama ina makosa?"

Nikaitazama ile sakafu.

"Nilikutazama. Nilikuuliza. Uliona?"

"Niliona."

Akatikisa kichwa. "Basi," akasema. "Ungeniambia ningefeli kwa uwezo wangu. Ningefeli hisabati tu, na masomo mengine yangebaki." Akaondoka. Aliolewa Mbwara mwaka uliofuata, ana watoto na shamba la ufuta, na tukikutana tunasalimiana vizuri, tunaulizana hali za wazee. Vile vigelegele vyake sijavisikia tena.

Mwalimu wa taaluma alihamishwa shule. Hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yake. Huko alikohamia nako akawa wa taaluma.

Mimi niliendelea. Kidato cha tano na cha sita nilisoma mkoa mwingine, fizikia, jiografia na hisabati, kwa walimu waliokuwa na kwa nini kwa kila mstari. Kisha chuo, nikawa mpima ardhi. Wasichana tulikuwa wachache, na wavulana walidhani tutashindwa kubeba miguu mitatu ya mashine ya kupimia juani. Nimeibeba. Watu wakiniuliza hisabati inampeleka mtu wapi, wananitazama wakitarajia nitaje benki au ndege. Mimi hisabati imenipeleka kwenye vichaka vya Kibiti, kwenye upupu na siafu, kutafuta pembe za viwanja vya watu wanaogombana. Na ni kazi ninayoipenda, isipokuwa kwa wanadamu wake.

Kuna kazi moja ndiyo iliyonifanya niandike haya. Mafuriko yalikuwa yameondoa familia nyingi bondeni, zikahamishiwa sehemu ya mwinuko upande wa Kibiti. Ofisi ikanituma na vijana wawili wa kushika kamba tuweke bikoni, yale mawe ya zege yanayoonyesha mipaka. Kwenye safu ya mwisho kulikuwa na viwanja viwili vinavyopakana. Kimoja kilikuwa cha mama mjane aliyetoka delta, mkali, asiyependa maneno. Kingine kilikuwa cha mwalimu mstaafu, aliyekuwa pia kwenye kamati ya kugawa.

Nilimtambua kabla hajanitambua. Amekonda, sauti ni ile ile ya kuhutubia, ya mwalimu wa taaluma.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Akanitazama, kisha akafungua mikono. "Aa! Mwanangu! Jamani, huyu ni matunda yangu. Huyu nimemfundisha mimi hisabati, kwa mkono huu!"

Vijana wangu wakacheka kwa adabu. Mimi nilihisi ile harufu ya kitunguu na nyama, mchana kweupe, porini, pasipo na jiko.

Akanishika bega, akanivuta pembeni. "Mwanangu, hili jiwe la kati yangu na huyu mama. Lisogeze kwake hatua nne. Nne tu. Nataka njia ya gari. Yeye peke yake, kiwanja chote kile cha nini? Wala hajui kusoma."

Ningependa kuandika kwamba nilimjibu papo hapo. Sikumjibu. Adabu tuliyolelewa nayo ilinitangulia, nikasikia mdomo wangu unasema, "Nitaangalia, mwalimu." Nikatembea mpaka kwenye mashine nikitamani kusukutua mdomo wangu.

Niliangalia kweli. Nilipima kama ramani inavyotaka, nikarudia, nikamwita yule mama na yule mwalimu wote wawili wasimame waone. Jiwe likakaa pale linapostahili kukaa, bila hatua hata moja. Mwalimu alifuta uso kwa leso, akaondoka.

Siku ya tatu bosi wangu akaniita ofisini.

"Kuna mzee amekuja kulalamika. Anasema umemvunjia heshima."

"Aliomba hatua nne za mwenzake."

Bosi akapumua kama mtu anayezungumza na mtoto. "Hatua nne ni kitu gani, dada? Mzee wa watu, mjumbe wa kamati, na mwalimu wako. Ungempa mambo yakaisha."

"Haitafunga," nikasema.

Yeye pia ni mpima. Anajua. Ukizunguka viwanja vyote na kurudi ulipoanzia, pembe na urefu lazima vijumlishwe virudi pale pale. Ukisogeza jiwe moja kwa upendeleo, namba zinaachana mahali fulani, na aliyeandika kwamba zimekutana ameandika uongo kwa saini yake. Nikaweka karatasi za vipimo mezani kwake.

"Chukua kalamu, bosi. Sogeza wewe, uifunge, utie saini wewe."

Alizipitia zile karatasi. Kisha akazirudisha upande wangu kwa kidole kimoja, kama mtu anayesukuma sahani ya chakula kilicholala. "Nenda kaendelee na kazi," akasema. Hakunipongeza, na tangu hapo safari nzuri nzuri hupewa wengine.

Kama ingeishia hapo ningejiona shujaa. Lakini mstari ulionyooka haumjui mjane wala mstaafu. Niliporudi kukagua niliona kitu ambacho kichaka kilikuwa kimekificha: choo cha yule mama, cha makuti na miti, alichojenga haraka walipohamishwa, kilikuwa hatua moja ndani ya kiwanja cha mwalimu. Ilibidi nimwambie. Nilimweleza kwa upole, nikimwonyesha kamba.

"Kwa hiyo umekuja kunivunjia choo," akasema.

"Mama, mstari ndio unapita hapa."

"Mstari umeuchora nani? Si wewe? Wote nyie mmesoma shule moja na yule." Akatema mate, si mbali sana na viatu vyangu.

Na mwalimu alikuwa barazani kwake, anatazama, na nilimwona anatabasamu. Sijui kama nimewahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia kwa tabasamu lile. Alikuwa na haki ya hatua ile moja. Namba zilikuwa zake. Hilo ndilo lililonitia kinyaa zaidi, kwamba safari hii alikuwa na jibu sahihi na hakuwa amelifanyia kazi.

Jumamosi nikaenda na wale vijana wawili, si kwa kazi ya ofisi. Tulichukua sururu na koleo, nikapima mahali palipo salama, mbali na kisima chake na ndani kabisa ya mpaka wake, tukaanza kuchimba. Udongo wa juu ulikuwa mchanga, ukiporomoka kila tukiuinua. Chini ukawa mgumu mwekundu. Shimo la zamani tulilifukia, na harufu yake siielezi. Kijana mmoja alikimbilia vichakani kutapika. Mimi nilifunga khanga puani nikaendelea, na ajabu ni kwamba sikuona kinyaa, harufu tu.

Mama alikaa mlangoni tangu asubuhi bila kutusemesha. Adhuhuri ilipokaribia akaingia ndani, akatoka na bada, ule ugali wa muhogo, na kambale wa mchuzi, akaviweka juu ya mkeka.

"Naweni," akasema.

Tukanawa kwa sabuni ya kipande, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tulipokuwa tunakula mwalimu akapita njiani kwenda msikitini, na kanzu yake imepigwa pasi vizuri.

"Asalaam alaykum," akasema, kwa sauti ile nzuri.

Kujibu salamu ni wajibu. Nilimeza tonge langu, nikamjibu. Kisha mama akanisogezea kichwa cha kambale, akaniambia nisikiache, kina mafuta.